Funza Hukimbia Sakafu Laini

Huku Kasulu na Kibondo sisi wauguzi twawapokea watoto wenye funza miguuni. Mmoja tulimtibu mara tatu. Kila mara alirudi kulala penye vumbi. Ugonjwa ulikuwa sakafuni.

Funza aliingia Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, akasambaa Afrika. Mayai yake huanguliwa vumbini. Fundi akisakafia kwa saruji na kupiga niru mpaka ing'ae, vumbi la kuzalia halipo. Imwagilieni maji siku 7 isipasuke, kisha ipigwe deki.

Mwenye uwezo mdogo aanze na chumba cha watoto. Akiwa anadunduliza, anyunyize maji na kufagia, mbuzi wasilale ndani, watoto wavae viatu. Sindano moja isitumike kwa wawili, na kidonda kisafishwe: pepopunda huingilia hapo.