Mkongo wa Bahari na Mnara wa Bara

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mtandao ulizorota ghafla katika Tanzania na katika nchi kadhaa za jirani, ilhali simu zilikuwa na bando la kutosha na minara ilikuwa imesimama mahali pake kama siku zote. Aghalabu ya watu walizilaumu kampuni zao za simu, na wengine wakazima simu na kuziwasha tena, dawa ambayo Waswahili tumeiamini kwa kila maradhi ya vyombo vya umeme. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mbali. Karibu na Durban, Afrika Kusini, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika; na kwa kuwa miezi michache kabla ya hapo mikongo mingine ilikuwa imedhurika katika Bahari ya Shamu, njia ya kaskazini nayo haikuwa na wasaa wa kuupokea mzigo wote uliokosa njia ya kusini.

Habari hiyo iliwashangaza wengi, kwa sababu yamezoeleka mawazo kwamba intaneti huelea hewani. Kinachopita hewani ni kipande kifupi tu, baina ya simu na mnara. Mtu wa Mbagala akimpelekea picha ndugu yake aliyeko Muscat, picha hiyo huruka kwa mawimbi mpaka mnara wa mtaani, kisha huingia katika nyuzi za kioo mpaka kituo cha pwani, na kutoka hapo huzama baharini ikiwa imegeuzwa kuwa mimeto ya mwanga. Katika kina kirefu mkongo hauzidi sana unene wa kidole gumba. Ndani mwake mna nyuzi chache zilizo nyembamba kama unywele, waya za chuma za kuuimarisha, na ganda la shaba lipitishalo umeme wa kulisha vikuza mwanga vilivyopangwa kila baada ya makumi ya kilomita, maana mwanga nao huchoka njiani. Ukikaribia ufuo, penye nanga na nyavu, mkongo huvikwa deraya ya chuma.

Ukikatika, fundi wa kituo cha pwani hupeleka mmweko wa mwanga katika uzi na kupima muda wa kurudi kwake, na kwa hesabu hiyo hujua umbali wa jeraha bila ya kutoka kitini. Kisha huitwa meli. Kwa pwani yetu mara nyingi ni Léon Thévenin, yenye makao yake Cape Town, ambayo huburura ndoana kubwa sakafuni mwa bahari mpaka iunase mkongo, huuvuta upande mmoja na kuufunga kwenye boya, huenda kuutafuta upande wa pili, na ndipo, katika chumba kilichotengwa na vumbi na unyevu, mafundi huziunga nyuzi moja baada ya moja kwa cheche ya umeme inayoyeyusha ncha mbili za kioo zikawa kitu kimoja. Ni kazi ya siku nyingi ikiwa hali ya hewa ni njema, na huzidi kama bahari imechafuka.

Pwani hii si mgeni wa mikongo. Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu kule Isandlwana, na habari zile hazikufika London mpaka tarehe 11 Februari. Aibu ya kuchelewa kwake iliharakisha kulazwa kwa waya wa simu ya maandishi kutoka Aden, kupitia Unguja na Msumbiji, hadi Durban, kazi iliyokamilika mwaka ule ule, katika enzi ya Seyyid Barghash. Kisiwa cha Bawe kikawa kituo chake, na baadaye likajengwa Shangani lile jumba la Extelecoms ambalo leo ni hoteli. Waya ule haukuwekwa kwa ajili ya mvuvi wala mkulima wa karafuu. Ulihudumia dola na matajiri, na kila neno lilikuwa na bei yake.

Baadaye zikaja zama za setilaiti, na kituo cha Longonot, Kenya, kikafunguliwa mwaka 1970. Setilaiti za namna ile hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hata sauti huchukua robo ya sekunde kupanda na kushuka, na jibu robo nyingine; aliyepiga simu ya ng'ambo wakati ule anaukumbuka ule ukimya uliowafanya wawili wasemezanao kugongana maneno. Uchache wa nafasi na ughali wake ndiyo sababu intaneti yetu ya miaka ya tisini ilikuwa ya kunywesha kwa kijiko. Afrika ya magharibi ilipata mkongo wa SAT-3 mwaka 2002. Sisi tulingoja hadi tarehe 23 Julai 2009, Seacom ilipofunguliwa, ikafuatwa na TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa, na EASSy mwaka 2010.

Je, mikongo hiyo ilileta kazi, au ilileta porojo tu? Wanauchumi Jonas Hjort na Jonas Poulsen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walilinganisha maeneo ya Afrika yaliyokuwa karibu na nyaya za nchi kavu na yale yaliyokuwa mbali nazo, kabla ya mikongo kufika na baada yake, wakaona ajira imeongezeka katika maeneo yaliyounganishwa, hata kwa watu wenye elimu ndogo. Mimi katika utafiti huo huliangalia zaidi lile sharti kuliko ile faida. Neema ilimfikia aliyekuwa karibu na waya wa nchi kavu. Ufuo peke yake haukutosha.

Ndiyo maana Tanzania ilianza mwaka ule ule wa 2009, ilipofika Seacom, kujenga Mkongo wa Taifa, ambao leo una urefu wa maelfu ya kilomita na huwahudumia majirani kama Rwanda, Burundi na Malawi. Sehemu yake ni nyuzi zilizofichwa ndani ya ule waya wa juu kabisa katika nguzo za umeme wa msongo mkubwa, waya unaokinga radi, hila iliyookoa gharama ya kuchimba mitaro. Walakini mkongo huo huishia mjini, na kutoka mjini mpaka kijijini ndipo mali inapoteketea. Mawimbi ya simu za awali yanaweza kufika hadi kilomita 35, lakini intaneti ya kasi hutaka mnara wa karibu zaidi. Na mnara usiofikiwa na gridi hutaka jenereta na mafuta ya kupandishwa kwa gari wakati wa masika, au paneli za jua na betri, pamoja na mlinzi wa kuzilinda. Watumiaji wake ni mia chache, na wengi wao wana kitochi, ile simu ndogo isiyo na intaneti.

Nisingependa kitochi kidharauliwe. Huduma za fedha, zilizoanza Kenya kwa M-Pesa mwezi wa Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, hazihitaji intaneti hata kidogo kwa mwenye simu hiyo: abonyezapo nyota, tarakimu na alama ya reli, maagizo yake hupita katika njia nyembamba ya ishara ambayo simu na mnara huitumia kujuana. Mnara dhaifu kuliko yote unaitosha kazi hiyo. Ndiyo sababu tozo ya serikali kwa miamala ya simu, iliyoanza Julai 2021, iliumiza mpaka vijijini, ikapunguzwa kabla ya mwaka kwisha.

Kwa kata zisizo na faida ya biashara, serikali hutumia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote: zabuni hutangazwa, na kampuni iombayo ruzuku ndogo kuliko wenzake hupewa kazi. Mei 2023 zilitiwa saini hati za kujenga minara 758 katika kata 713. Tangu 2022 shirika la simu la TTCL limefikisha intaneti hata Horombo, mita 3,720 juu ya bahari katika mlima Kilimanjaro, jambo lenye manufaa kwa usalama wa wapandaji, ingawa mtu wa bondeni anayepanda kichuguu kutafuta mtandao ana haki ya kuuliza zamu yake.

Njia ya zabuni naiona ni nzuri, ila ina upungufu mmoja. Mnara huhesabiwa siku uzinduliwapo, ilhali kampuni iliyoshinda kwa bei ya chini ina kila sababu ya kubana matumizi ya betri na mafuta baadaye, na betri zilizochoka hukata jioni, saa zile zile ambazo watu wamerudi kutoka shambani na wanataka kupiga simu. Ningependa taarifa za minara zichapishwe kata kwa kata, pamoja na idadi ya saa ambazo kila mnara ulikuwa hewani katika mwezi, na ruzuku ilipwe kwa mafungu kwa kuzifuata saa hizo.