Mega Zimekwisha, Wi-Fi Inakatika: Kabla ya Kumlaumu Mtoto

Wiki hii naanza kwa kuungama. Kwa siku tatu sikuzungumza vizuri na kijana wangu mkubwa. Nilimwita mwizi wa mega, tena mbele ya wadogo zake. Kumbe mwizi alikuwa mezani.

Baba yao anafanya kazi Kolwezi. Kila Jumapili jioni tunamwona kwa video kwenye laptopu, na siku nyingine kijana anaitumia kujitayarisha kwa Exetat. Mega nanunua mimi, kwa pesa ya kuuza unga. Jumapili ile sauti ya baba ilianza kukatika, picha ikaganda, halafu ukaja ujumbe kwamba mega zimekwisha. Nilikuwa nimezinunua Ijumaa! Nikamgeukia kijana: "Wewe unaangalia filamu usiku." Akajibu, "Hapana, mama." Sikumsadiki.

Mwenzetu mmoja wa likelemba, ambaye mdogo wake ni fundi wa kompyuta, aliniambia, "Mama, usikate neno kabla ya kusikia mashahidi wote." Tukakaa naye, tukaangalia kitu kimoja kimoja. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Njia ni mbili

Intaneti inapita njia mbili kabla ya kufika kwenye laptopu. Ya kwanza inatoka kwenye mnara wa simu hadi kwenye modemu yenye kadi ya SIM. Ya pili inatoka kwenye modemu hadi kwenye laptopu, na hiyo ndiyo Wi-Fi. Alama ya Wi-Fi kwenye laptopu inaonyesha nguvu ya njia ya pili tu. Ndiyo maana inaweza kujaa na bado hakuna kinachofunguka.

Kwa hiyo, jaribu hivi. Chukua simu, zima mega zake yenyewe, uiunganishe na Wi-Fi ile ile. Simu ikifanya kazi na laptopu ikikataa, ugonjwa uko kwenye laptopu. Zote mbili zikikataa, tazama modemu, mega zilizobaki, au mtandao wenyewe.

Modemu inakaa wapi?

Yangu niliificha ndani ya kabati la chuma, watoto wasiiangushe. Kosa kubwa! Chuma kinazuia mawimbi, iwe kabati, sufuria au mabati. Ukuta mnene wa matofali unayapunguza, na pipa la maji vilevile. Weka modemu juu, karibu na dirisha, upande ambao simu yako inapata mtandao vizuri. Isogeze hatua chache, subiri kidogo, jaribu tena. Usiiweke juani wala karibu na mbabula, maana joto linaichosha.

Modemu nyingine zina Wi-Fi za aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ile ya 5 ni ya haraka lakini haiendi mbali. Ukikaa chumba kingine, chagua 2.4, inapita kuta vizuri zaidi.

Tazama moto wa umeme

Ikiwa Wi-Fi inakatika kila jioni saa ile ile, uliza betri. Kwetu tunatumia plake ya jua. Taa zikiwaka, televisheni ikifunguliwa na simu zikichajiwa pamoja, betri inalegea na modemu inazimika na kuwaka tena. Zima televisheni jioni moja uone kama tatizo linaisha. Na usichomeke modemu kwenye betri kwa waya wowote tu. Soma volti zilizoandikwa juu yake, au mwite fundi.

Laptopu yenyewe

Kwanza hakikisha "Mode avion" haijawashwa, maana watoto hugusa kitufe chake bila kujua. Pili, zima laptopu na modemu, uziwashe tena. Tatu, bonyeza jina la Wi-Fi yako, chagua "Oublier", kisha ingia upya kwa neno la siri.

Ikiwa Wi-Fi inapotea hasa laptopu inapotumia betri, huenda laptopu inapunguza nguvu ya Wi-Fi ili kutunza betri. Ichomeke kwenye umeme ujaribu. Ikitulia, mwombe fundi abadilishe mpango huo. Ni kazi ya dakika chache, asikuuzie kifaa kipya kabla ya kuangalia hapo.

Nani alikula mega?

Fundi alifungua "Paramètres", kisha "Réseau et Internet", kisha sehemu ya matumizi ya data. Pale kuna orodha ya kila programu na mega ilizokula. Nilingoja kuona filamu. Jina la juu kabisa lilikuwa "Système": kompyuta yenyewe! Ilikuwa inapakua marekebisho ya Windows kimyakimya, kila ilipokuta Wi-Fi. Rekebisho moja kubwa linaweza kupita giga 3, yaani zaidi ya mega 3,000. Na wakati inapakua, video ya baba inakosa nafasi ya kupita. Ndiyo maana picha iliganda.

Dawa yake: fungua mipango ya Wi-Fi yako, uwashe "Connexion limitée". Hapo kompyuta inajua kwamba mega zinanunuliwa, inaacha kupakua mambo mengi bila ruhusa. Lakini marekebisho yana faida, yanaikinga na virusi. Laptopu ikifika mahali penye intaneti ya kutosha, iache iyapakue. Pia badilisha neno la siri la Wi-Fi ikiwa jirani wengi wanalijua.

Jumapili iliyofuata modemu ilikuwa dirishani na televisheni imezimwa. Baba alizungumza na kila mtoto mpaka mwisho, na mega zikabaki. Lakini kabla ya kumpigia, nilimwita kijana wangu mbele ya wadogo zake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele yao, nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Unisamehe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Imekwisha, mama." Usiku ule alikula bukari yake pamoja nasi, mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

Mama mwenzangu, mega zikiisha nyumbani kwako, fungua ile orodha kwanza. Mkifungua pamoja na mtoto, ni vizuri zaidi.