Mbwa mkubwa wa ulinzi: Bei hulipwa mara moja, magunia kila mwaka

Mfanyabiashara au mfugaji wa Kerende, wilayani Tarime, anayetaka kununua mbwa mkubwa wa kigeni kwa ajili ya familia na ulinzi, anashauriwa kupiga hesabu ya chakula kabla ya kuuliza bei. Mbwa huyo hununuliwa mara moja, lakini hula kila siku kwa miaka minane hadi kumi.

Mahitaji ya ulinzi yapo. Kerende ni moja ya vijiji vilivyo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na penye mzunguko wa fedha huwapo maduka na stoo za kulinda. Kwa wafugaji, wizi wa ng'ombe una historia ndefu Tarime, na walio jirani na Hifadhi ya Serengeti hupambana pia na fisi.

Aina mbili zinafaa kuangaliwa. Boerboel wa Afrika Kusini ni mbwa wa kulinda nyumba na shamba. Kangal wa Uturuki ni mbwa wa kukaa na mbuzi na kondoo. Namibia imekuwa ikiwatumia mbwa wa jamii hiyo kuzuia duma tangu mwaka 1994, na hapa nchini walijaribiwa kwa wafugaji wa jirani na Hifadhi ya Ruaha katika miaka ya 2010. Wote wawili hufikia kilo 50 na kuzidi.

Hesabu ya chakula iko hivi. Mbwa wa kilo 60 anahitaji kalori 2,800 hivi kwa siku, sawa na gramu 800 za unga na dagaa wakavu. Kwa mwaka ni kilo 290, karibu magunia matatu ya kilo 100. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hutosheka na gunia moja. Katika miaka minane, mbwa mkubwa atakuwa amekula magunia 23 hivi, na wa kienyeji manane.

Chakula hicho kigawanywe mara mbili kwa siku. Mbwa wa kifua kipana anayekula mlo mmoja mkubwa yumo hatarini kupata tumbo la kujisokota, ambalo humuua kwa saa chache asipopasuliwa. Mtoto wa mbwa naye asinenepeshwe haraka, kwani viungo vyake huharibika.

Gharama ya pili ni maradhi. Kupe wapo, na kando ya hifadhi wapo mbung'o wanaoeneza nagana, ugonjwa unaoua mbwa pia. Mbwa wa kienyeji amezaliwa katika mazingira hayo. Mgeni hajazoea, na bwana mifugo ataitwa mara kwa mara.

Mwaka 1994, ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijijini. Kichaa cha mbwa ni hatari zaidi: binadamu akishaonyesha dalili, ni nadra sana kupona. Chanjo huanza katika umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali kuchomwa sindano.

Jambo la tatu haliingii kwenye daftari la mahesabu. Boma la Mkurya halikosi wageni, na mbwa wa ulinzi asiyefundishwa hatofautishi mwizi na mkwe. Kilo 60 zinazomrukia mtoto kwa mchezo tu zinatosha kumvunja mkono. Fidia na matibabu ya jirani aliyeng'atwa vinaweza kupita bei ya mbwa mwenyewe.

Kwa hiyo mbwa mkubwa anamfaa mwenye mambo manne: uzio imara, mtu mzima wa kumfundisha kila siku tangu akiwa na wiki nane, akiba ya magunia matatu, na bwana mifugo wa karibu. Pia avumilie, kwani mbwa huyo hukomaa akiwa na miezi 18 hadi 24. Kabla ya hapo mwenye mali hulisha tu bila kupata ulinzi kamili.

Asiye na hayo manne ana njia nyepesi. Mbwa wawili wa kienyeji, waliochanjwa, wanaolishwa vizuri na kulelewa zizini tangu wadogo, hula magunia mawili na kubweka pande mbili za boma. Mwizi anayetupa nyama yenye sumu hupata kazi zaidi kwa wawili kuliko kwa mmoja.

Anayeamua kununua mkubwa adai kuona wazazi wote wawili wa mtoto wa mbwa pamoja na kadi ya chanjo. Muuzaji asiyevionyesha aachwe, hata akipunguza bei.