Msichana wa Vermeer kwa penseli 12

Gharama ya kunakili kazi ya mchoraji bingwa huanza kabla hujaingia dukani, pale unapochagua utanakili picha gani. Bustani alizochora Monet zitakudai kijani cha kila namna, na kila kijani ni penseli. Mimi nilichagua Msichana Mwenye Hereni ya Lulu, iliyochorwa na Johannes Vermeer huko Uholanzi yapata mwaka 1665, na mfuko ndio ulioniongoza. Rangi zake ni chache: buluu ya kilemba, manjano ya kitambaa kinachoning'inia mgongoni, kahawia ya vazi, uso, midomo, na giza. Vermeer alifariki 1675, kwa hiyo hakuna hakimiliki ya kuhofia, na jumba la makumbusho la Mauritshuis, mjini The Hague, linaitoa picha hiyo bure mtandaoni, tena kubwa kiasi cha kuona nyufa za rangi. Picha ya kuangalizia ilinigharimu bando tu.

Picha halisi ina urefu wa sentimita 44.5 na upana wa 39. Nilipoipunguza iingie kwenye A4, upana 19 na urefu usiofika 22, eneo la kujaza rangi likawa chini ya robo ya lile la Vermeer. Hilo ni jambo la pesa, maana penseli huisha kwa eneo.

Sasa penseli zenyewe. Kosa nililofanya ni kununua seti kubwa. Muuzaji mmoja aliniuzia boksi la penseli 72 kwa bei iliyonifurahisha, nikafika nyumbani nikakuta risasi zimevunjikavunjika ndani ya mti. Nilichonga, ncha ikadondoka. Nikachonga tena, ikadondoka tena. Zilizobaki nzima nyingi zilikuwa za waridi kali na zambarau, rangi ambazo msichana huyu hazihitaji kabisa. Ushauri wangu ni huu: nunua moja moja, hata kama kila moja inauma. Kwa picha hii nilihitaji 12: buluu mbili, manjano mbili, kahawia tatu, waridi iliyopauka, nyekundu ya midomo, malai, kijivu na nyeusi. Nilipoangalia bei, Polychromos za Faber-Castell ziliuzwa ng'ambo kwa kati ya dola 2 na 3 kila moja, kabla ya nauli. 12 zilikuwa kama dola 30. Luminance za Caran d'Ache zilipita dola 4 kila moja, na unacholipia zaidi ni rangi isiyochujuka kwa mwanga. Kama mchoro wenyewe utatundikwa sebuleni mkabala na dirisha, lipia. Kama utauskani kisha uuweke kwenye jalada, bakiza pesa yako.

Kuna pia suala la kinachoshikilia rangi ya penseli, nta au mafuta. Prismacolor Premier ni za nta: laini, hujaza haraka, lakini huvunjika upesi, na ukirundika tabaka nyingi huacha ukungu mweupe juu ya karatasi. Polychromos zina msingi wa mafuta, ni ngumu kiasi na hushika ncha kali. Kwa uso wa msichana, ambao hauna mstari hata mmoja wa kuuzunguka, nilizipenda hizi ngumu.

Usibane pesa kwenye karatasi. Karatasi ya fotokopi hupokea tabaka mbili au tatu kisha inateleza kama kigae. Tafuta nzito, gramu 200 kwa mita ya mraba au zaidi.

Hereni ndiyo iliyonifundisha mengi. Watafiti wa Mauritshuis walioichunguza picha kuanzia 2018 walieleza kwamba lulu hiyo haina hata kikulabu cha kuishikiza sikioni. Ni miguso michache ya rangi nyeupe: mmoja mzito juu kushoto, mwingine hafifu chini, unaorudisha mwanga wa ukosi. Rangi nyeupe ya mafuta hufunika giza. Penseli nyeupe haifuniki. Juu ya kahawia hugeuka kijivu cha majivu. Kuna peni nyeupe ya jeli, na kuna kompyuta, lakini njia bora ni ya bure: acha karatasi wazi pale penye miguso hiyo tangu siku ya kwanza, uilinde kama yai.

Watafiti haohao waligundua kwamba giza la nyuma lilikuwa pazia la kijani ambalo rangi yake imebadilika kwa miaka mingi. Kulijaza kwa mkono kungenimalizia penseli nyeusi nzima. Nilizungushia giza la upana wa vidole viwili tu kando ya uso na kilemba, nikaskani kwa nukta 600 kwa inchi, na sehemu iliyobaki nikaijaza kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye tabaka lake, nikichanganya nyeusi na kijani kidogo. GIMP na Krita ni za bure kabisa. Photoshop hulipiwa kila mwezi, na kwa kazi ya kujaza usuli na kusawazisha rangi sioni sababu ya kuilipia. Procreate hulipiwa mara moja tu, dola 12.99, ila lazima uwe na iPad. Mwenye simu ya Android ana Ibis Paint, bure yenye matangazo.

Skana hupausha rangi hafifu, hivyo mashavu yatahitaji kurudishiwa joto. Simu inaweza kutosha ukipiga picha kando ya dirisha siku ya mawingu. Chini ya balbu kila kitu hugeuka manjano.

Jihadhari na uchapishaji. Buluu ya kilemba inayowaka kwenye kioo cha kompyuta hutoka imefifia, kwa sababu wino wa printa hauifikii. Mwombe mchapishaji kwanza kipande kidogo, kilemba na lulu tu, kwenye karatasi ileile utakayotumia. Mimi nilirudi mara mbili, nikiinua buluu na kupunguza weusi. Nakala ya mwisho iko ukutani: ukiisogelea unaona mistari ya penseli shavuni, na kule gizani hakuna mstari hata mmoja.