Mkojo unapovuja baada ya upasuaji wa tezi dume: mnayoweza kufanya nyumbani

Siku mzee anapotolewa mpira wa mkojo, wengi mnadhani taabu imekwisha. Kumbe akisimama mkojo unamtoka, akikohoa unamtoka, akiinua ndoo unamtoka. Anakuwa mkali, au ananyamaza na kuacha kwenda msikitini au kanisani. Nawe unayefua mashuka unaanza kujiuliza kama daktari alikosea.

Mara nyingi hakuna aliyekosea. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mkojo huzuiwa na misuli ya sehemu mbili: shingoni mwa kibofu, juu ya tezi, na nyingine chini ya tezi. Upasuaji hugusa ile ya juu, kisha kazi yote inabaki kwa ile ya chini, ambayo haikuzoea kuifanya peke yake. Ndiyo maana kuvuja huwapata zaidi walioondolewa tezi nzima kwa sababu ya saratani kuliko waliopunguziwa tezi iliyokua tu. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya miezi 3 hadi 6, na wengine huendelea kupata nafuu hadi mwaka mzima. Kwa kawaida usiku hukauka kwanza. Jioni, misuli ikiwa imechoka, huchelewa.

Usimnyime maji

Mama mmoja niliyekuwa nikimtembelea alikuwa akimpimia mumewe vikombe 2 vya maji kwa siku ili asilowane. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Nilikuta mkojo una rangi ya chai kavu, unanuka, unamchoma, na mzee anakimbilia chooni kila mara. Mkojo mzito huchokoza kibofu, nacho kikichokozwa huvuja zaidi. Mpe maji lita 1 na nusu hadi 2 kwa siku, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo au figo na daktari amempangia kiasi kingine. Mengi ayanywe asubuhi na mchana, apunguze saa 2 au 3 kabla ya kulala. Vya kupunguza ni chai, kahawa, soda na pombe. Mpe pia mboga za majani, papai na maharage, maana choo kigumu na kujikamua huchosha misuli ileile tunayotaka ipate nguvu.

Mazoezi ya kubana

Hii ndiyo tiba yenyewe, na haina gharama. Anza baada ya mpira kutolewa, si ukiwa bado umo. Mwambie abane kana kwamba anazuia upepo usimtoke mbele ya wageni, na wakati huohuo avute uume kuelekea ndani, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi yakamfika kiunoni. Akifanya sawasawa atahisi korodani zikipanda kidogo. Tumbo, mapaja na makalio yabaki yamelegea, na asizuie pumzi. Wanaume wengi hubana makalio kwa nguvu zote wakidhani wamemaliza kazi, kumbe misuli ya ndani haijaguswa.

Abane kwa sekunde 5, alegeze kabisa kwa sekunde 5, arudie mara 10. Afanye hivyo mara 3 kwa siku. Mwanzoni akifika sekunde 2 tu, zinatosha. Ataongeza polepole hadi 10. Aanze akiwa amelala chali, kisha ameketi, kisha amesimama. Tena azoee kubana kabla ya kukohoa, kupiga chafya, kuinuka kitini au kuinua mzigo. Asizoeshe misuli kwa kukatiza mkojo kila anapokojoa. Kibofu kinaweza kushindwa kumaliza mkojo.

Kama wewe ni binti au mkwe wake, najua maneno haya hayasemeki. Mpe kaka au mjukuu mkubwa amsomee, au omba muuguzi wa kiume pale kliniki. Hospitali yenye mtaalamu wa mazoezi tiba inaweza kuhakikisha kwamba anabana panapotakiwa.

Kumweka mkavu

Pedi za hedhi hazikutengenezwa kwa mkojo. Hujaa upesi na kuchubua ngozi. Tafuta pedi za mkojo au nepi za watu wazima kwenye duka la dawa. Ikiwa fedha hazitoshi, vitambaa safi vya pamba vilivyokunjwa na kuanikwa juani vinafaa, mradi vibadilishwe kila vikilowa. Msafishe kwa maji na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta mepesi kidogo tu. Upo pia mpira unaovaliwa kama kondomu na kuunganishwa na mfuko. Hubadilishwa kila siku, na saizi ipimwe na muuguzi. Usimfunge uume kwa uzi au raba hata kwa dakika chache. Nimeona vidonda vyake.

Kwa Mwislamu, kutokwa na mkojo bila kujizuia hakumfungii sala. Kuna utaratibu wake wa udhu. Amuulize sheikh wake.

Wengine shida yao ni haja ya ghafla isiyongoja. Hao daktari anaweza kuwapa dawa za kutuliza kibofu. Usizinunue mwenyewe: hukausha mdomo, hufunga choo, na zinaweza kuzuia mkojo kabisa.

Wakati wa kurudi hospitali

Mpeleke siku hiyohiyo akiwa na homa, mkojo wenye mabonge ya damu, au ameshindwa kukojoa. Angalia pia hili: mkojo unaodondoka matone matone huku tumbo la chini limejaa na linauma maana yake ni kwamba kibofu hakimalizi mkojo, na hilo halisubiri asubuhi. Ikiwa miezi 6 imepita na bado hakuna nafuu, rudini kwa daktari aliyempasua. Nendeni na daftari mliloandika kila siku amebadilisha pedi au vitambaa vingapi, na alikuwa akifanya nini mkojo ulipomtoka.