Kabla ya Kulipia "Dawa ya Kumbukumbu": Utengamao wa Akili Baada ya Ugonjwa wa Virusi

Askari mstaafu ambaye sasa analinda lango la ghala au anasimamia shamba lake la miwa katika kata ya Ruhembe, wilayani Kilosa, anaweza kugundua kwamba tangu alipougua UVIKO-19 mambo hayamkai kichwani kama zamani. Anaandika namba ya gari kwenye daftari la lango, na kabla hajamaliza, tarakimu za mwisho zimemtoka. Anasahau namba ya siri ya simu yake. Mazungumzo ya watu watatu kwa pamoja humchosha kuliko kazi ya jembe. Hali hii ipo kweli. Si uzembe, wala si lazima iwe uzee. Na kwa kuwa ipo, wapo pia wanaoifanyia biashara.

Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maana rasmi ya hali inayofuata UVIKO-19: dalili ambazo kwa kawaida huonekana miezi mitatu tangu maambukizi, hudumu angalau miezi miwili, na haziwezi kuelezwa kwa ugonjwa mwingine. Uzito wa kufikiri na kusahau ni miongoni mwa dalili hizo. Nchini mwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 2020, na wengi walioumwa kipindi hicho walijitibu nyumbani kwa nyungu na mapumziko, bila kupimwa. Mlaji asione aibu kumweleza mganga wa zahanati kwamba aliumwa, eti kwa sababu hana cheti cha kipimo.

Maneno "haziwezi kuelezwa kwa ugonjwa mwingine" yana uzito mkubwa kwa mfuko wako. Kisukari, shinikizo la damu, upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, kukosa usingizi, pombe, na maambukizi ya VVU vyote huweza kuvuruga kumbukumbu, na vingi kati ya hivyo vina tiba inayojulikana. Mtu anayeanza na chupa ya "dawa ya ubongo" hupoteza fedha, lakini hasara kubwa zaidi ni miezi anayoipoteza huku kisukari kikiendelea kimyakimya. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni vipimo, na vipimo hivyo vingi havihitaji safari ya Dar es Salaam. Tatizo likianza ghafla, hasa likiambatana na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kutotoka, hiyo ni dharura ya kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Sasa tueleze huduma yenyewe. Utengamao wa akili si dawa. Ni kazi inayofanywa kwa wiki kadhaa kati ya mgonjwa na mtaalamu, mara nyingi mtaalamu wa tiba kwa vitendo au mwanasaikolojia tiba. Mtaalamu hupima kwanza ni kipi kilichopungua: umakini, kumbukumbu ya muda mfupi, kasi ya kufikiri, au uwezo wa kupanga. Kisha huuliza swali ambalo muuza chupa haulizi kamwe: kazi ipi ya kila siku imekushinda? Mlinzi wetu wa lango atafundishwa kusoma namba ya gari kwa vipande viwili, kuitamka kwa sauti, kuandika kipande kimoja kimoja, na kutozungumza na dereva hadi amalize. Nyumbani atatumia daftari moja tu badala ya karatasi tano, kengele ya simu kwa ajili ya dawa, na mahali pamoja pa funguo. Kazi ngumu ataipanga wakati wa siku ambapo akili yake imetulia zaidi. Pia atafundishwa kupumzika kabla hajachoka. Hili la mwisho huwawia vigumu wastaafu wa jeshi kuliko watu wengine, maana walifunzwa kujikaza. Lakini kwa baadhi ya waliougua UVIKO-19, kujikaza huongeza dalili badala ya kuziondoa.

Ni lazima tuseme pia mipaka ya huduma hii. Utafiti uliofanyika Marekani kwa watu 328, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2025, ulilinganisha kwa wiki 10 programu ya kompyuta ya kunoa akili, mafunzo ya utengamao yaliyopangwa kitaalamu, na kifaa cha kupitisha umeme mdogo kichwani. Washiriki wa makundi yote, wakiwemo waliocheza michezo ya kawaida ya mafumbo kwenye kompyuta, walipata nafuu kiasi; hakuna tiba iliyozishinda nyingine. Hatusomi matokeo haya kuwa ni sababu ya kukata tamaa. Tunayasoma kuwa onyo kwa mlaji: anayekuahidi kuirudisha akili yako ilivyokuwa, tena kwa siku saba, anaahidi jambo ambalo wenye maabara kubwa hawajaliweza. Mtaalamu mkweli atakuahidi kidogo: mbinu za kumudu kazi zako wakati mwili unaendelea kupona.

Safari ya kutafuta huduma ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, na ikilazimu ya mkoa, Morogoro. Ulizia mapema kama mtaalamu yupo siku hiyo. Nauli nayo ni gharama. Mwenye umri wa miaka 60 na zaidi aulizie dirisha la wazee na utaratibu wa msamaha. Kabla ya kulipa popote, omba jina la mtaalamu, namba yake ya usajili katika baraza lake, idadi ya mahudhurio na bei ya kila hudhurio kwa maandishi. Anayetaka malipo yote mbele, kwa simu, tena leo, muage.

Tunawasihi pia wanafamilia. Mtu mwenye tatizo la kumbukumbu asiachwe peke yake kusaini mkopo wa kausha damu au kuuza shamba ili alipie tiba, na kamwe asimtajie muuza dawa namba yake ya siri.

Dawa isiyosajiliwa itolewe taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mganga wa tiba asili anayetangaza bila kibali, kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Tangazo la uongo au fedha iliyochukuliwa kwa hila, leteni kwetu pamoja na risiti, ujumbe wa malipo ulio kwenye simu, na kifungashio. Chupa isitupwe hata kama dawa imekwisha.