Mbegu Zisizo na Shamba



Nalikwenda Uru, juu ya Moshi, kuwatazama wenzetu wa kahawa. Mzee aliyenikaribisha alinitembeza kihambani kwake, migomba juu, mibuni chini. Akaushika mbuni mmoja, akasema, "Huu ulininyima hata punje miaka mitatu." Nalicheka, maana mkarafuu hutuweka sita hata minane.

Ndipo tukaizungumza DECI, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2007. Watu waliambiwa "wapande mbegu" ya fedha, wavune zaidi baada ya miezi michache. Shamba halikuwapo. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa ni fedha za waliokuja nyuma. Benki Kuu ilionya, na mwaka 2009 Serikali ikaisimamisha. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu. Huo si ule wa mama zetu, wa kupokezana kwa zamu na kila mtu amjua mwenzake.

Miaka minne, basi, tangu kufungwa hata hukumu! Kabla hujatoa senti, leta karatasi zao ofisini tuulize Benki Kuu kama wana leseni. Ofisi i wazi kila Jumamosi asubuhi.

Katibu